Hakuna Aliyemuuliza Mpishi

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na ua mmoja. Ua huo waliutumia pamoja na jirani. Baba alikuwa fundi wa vyerehani. Vyerehani vibovu vilijaa barazani, vingine bila gurudumu, vingine bila sindano, na wenyewe walikuja kuviulizia kila siku. Mama alikuwa mpishi wa shule ya sekondari. Binti yao alikuwa na miaka kumi na sita, naye alisoma shule hiyo hiyo.

Asubuhi mama aliondoka wa kwanza. Alifunga kitambaa kichwani, akachukua aproni yake safi, akasema, "Usichelewe shule. Na unywe chai."

Binti alichelewa, na chai hakunywa. Ndivyo walivyo vijana.

Kulikuwa na kazi moja tu ambayo binti huyu hakuichelewesha. Alikuwa mhariri wa gazeti la ukutani. Gazeti lenyewe lilikuwa karatasi tatu za manila, zimeandikwa kwa mkono na kubandikwa kwenye ubao karibu na mabomba ya kunawia. Lilitoka kila Alhamisi. Shule nzima ililisoma, hata wale wasiofungua kitabu. Kwa sababu hiyo baba alimwita Mwandishi, na jina likamganda.

"Mwandishi, leo dunia inasemaje?" baba alimtania.

"Inasema kuna mama anasubiri cherehani chake tangu mwezi jana."

"Hiyo usiiandike," baba alisema.

Jumatano moja shule iliingiwa na balaa. Saa nne asubuhi mwanafunzi mmoja alishika tumbo akatoka mbio. Wa pili akamfuata. Kabla ya saa sita, wanafunzi thelathini na mmoja walikuwa wamelala chini kwenye ukumbi, wanatapika na kulia. Walimu walikimbia huku na huku na ndoo. Gari la zahanati lilikuja mara tatu. Mwandishi alimshika mkono jirani yake wa dawati na kuuona umekuwa baridi kama jiwe. Hakuwa amewahi kuogopa kiasi kile.

Mungu ni mwema, hakufa mtu. Lakini maneno yalianza hapo hapo.

"Ni maji ya jikoni," mmoja alisema.

"Mpishi hachemshi. Anachota tu anatuwekea."

"Yule mama hajali!"

Mwandishi alisikia yote. Yule mama alikuwa mama yake. Wanafunzi wachache tu walijua.

Rafiki yake waliyemwita Miwani alikuwa msaidizi wake kwenye gazeti. Alimvuta pembeni. "Twende tumuulize mama yako."

"Hapana," Mwandishi alisema. "Umesahau mwalimu alituambia nini? Mwandishi hapendelei ndugu yake."

"Kuuliza ndiyo kupendelea?"

"Nikimuuliza nitamwonea huruma. Nikimwonea huruma nitaficha. Na lisemwalo lipo."

Ni kweli, mwalimu wa klabu yao ya habari aliwaambia maneno hayo, na ni maneno mazuri. Lakini binti huyu aliyashika upande mmoja tu. Hakumpendelea mama yake kabisa. Hakumuuliza hata neno moja.

Jioni ile aliandika mezani nyumbani. Mama alikaa upande wa pili wa meza hiyo hiyo, anachambua maharage. Macho yalikuwa mekundu.

"Watoto wa watu," mama alisema. "Kila nikifumba macho nawaona."

Mwandishi aliifunika karatasi kwa mkono, akaendelea kuandika. Kati yao palikuwa na sinia la maharage tu.

Alhamisi asubuhi gazeti lilibandikwa. Juu kabisa, kwa herufi nyekundu, ndefu kama kiganja, liliandikwa: JIKO LINATUUA. Chini yake: "Wanafunzi wanasema mpishi hachemshi maji. Mpishi hajali maisha yetu."

Umati ulijaa. Waliokuwa nyuma walirukaruka wapate kuona. Kisha wakaanza kunyamaza, mmoja mmoja, na kupisha njia. Mama alikuwa amekuja kunawa mikono.

Mama hakusoma shule utotoni. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni, na alisoma polepole kwa kufuatisha kidole. Alisimama mbele ya ubao. Kidole chake kikapita juu ya herufi nyekundu.

"Ji-ko," alisoma kwa sauti. "Li-na-tu-u-a."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kidole kikashuka hadi mstari wa pili. "Mpi-shi ha-ja-li…" Kikashuka tena hadi chini, palipoandikwa jina la mhariri. Hapo kikasimama.

Mwandishi alikuwa mlangoni mwa darasa. Aliona mabega ya mama yakishuka. Mama hakugeuka kumtafuta. Alifuta mikono kwenye aproni, ingawa mikono ilikuwa bado haijalowa, akarudi jikoni.

Saa tano mwalimu mkuu alimwita mama ofisini. Alikuwa mwanamke mkali, mwenye haraka, asiyependa maneno mengi. "Wazazi wananipigia simu tangu asubuhi," alisema. "Shule nzima imesoma. Kaa nyumbani kwanza. Wiki ijayo kamati itaamua kama utaendelea na kazi."

Mama alikuwa amepika katika jiko lile kwa miaka kumi na minne.

Mwandishi aliporudi nyumbani alimkuta mama ameketi kitandani, aproni imekunjwa magotini. Baba alisimama dirishani. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Mama, mimi…"

"Ulikuwa mezani na mimi," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilikuwa hapa, mwanangu. Mkono ungenifikia."

Mwandishi alitoka nje akakimbilia uani. Machozi hayakuzuilika.

Uani alikuwepo jirani yao, anaanika nguo, pini za kuanikia zimejaa mdomoni. Watu walimwita Bi Koma, kama ile alama ya mkato. Alifanya kazi kwenye chumba cha habari cha gazeti miaka ishirini na miwili, na mpaka leo hakuweza kupita mbele ya bango la duka bila kulisahihisha. Alizitoa pini mdomoni moja moja akimsikiliza binti.

"Sasa niambie," Bi Koma alisema. "Wewe mwenyewe ulimwona mpishi akiweka maji yasiyochemshwa?"

"Hapana, Bi."

"Aliyekwambia alimwona?"

"Wanafunzi walisema."

"Wanafunzi gani? Wana majina?"

"Sikuyaandika majina, Bi."

"Na mpishi alisemaje?"

"Sikumuuliza. Ni mama yangu, Bi. Niliogopa nisije nikampendelea."

Bi Koma aliduwaa. Shati lilibaki limening'inia mkononi. "Lo! Nimeona mambo mengi, mtoto wangu. Nimeona waandishi waliowaficha ndugu zao. Aliyempiga ndugu yake teke ili watu wasiseme anampendelea, ndiyo kwanza leo."

"Basi ningefanya nini?"

"Ungempa mwenzako kalamu. Habari inayomhusu ndugu yako huiandiki wewe. Unamwachia mwingine, na unawaambia wasomaji wazi: huyu ni ndugu yangu, kwa hiyo mimi sipo. Lakini anayetuhumiwa lazima aulizwe, awe mama yako, awe adui yako. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya kwanza ni kusikilizwa."

"Nitalifunga gazeti," Mwandishi alisema huku analia. "Sitaandika tena maisha yangu yote."

"Hapo ndipo utakosea mara ya pili!" Bi Koma alikuja juu. "Watoto thelathini na mmoja waliugua. Hilo ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Ukifunga gazeti, nani atauliza sababu? Wenye ofisi hupenda jambo liishe kimya. Mwenye kosa hupenda zaidi. Mama yako akifukuzwa, watu watasema mkosaji kapatikana, na maji yatabaki vile vile. Gazeti lipo ili watu wajue kinachowahusu. Lakini gazeti linalobahatisha ni bora lisiwepo. Sasa futa machozi. Kesho unaanza na kosa lako."

"Niliandike wapi?"

"Pale pale ulipokosea. Kwa herufi kubwa zile zile. Ukimtukana mtu sokoni, humwombi radhi chumbani."

Ijumaa asubuhi herufi nyekundu zilikuwa tena ubaoni, ndefu kama kiganja: TULIKOSEA. Chini yake: "Tulimtuhumu mpishi bila ushahidi na bila kumuuliza. Mhariri ni binti yake. Mhariri hataandika tena habari hii. Ataiandika mwenzake, na atamuuliza kila anayehusika."

Shule ilishtuka kuliko jana yake.

"Ni mama yake?" watu walinong'ona. "Alimwandika mama yake mzazi?"

Mwandishi alipita katikati ya macho yale yote hadi darasani. Ilikuwa safari ndefu.

Jumamosi Miwani alikuja nyumbani na daftari jipya. Mama alikubali kuzungumza naye. Mwandishi alikaa nje, kwenye ngazi ya mlango, kama walivyopatana. Mlango ulikuwa wazi nusu.

"Shikamoo, mama," Miwani alisema.

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Uliza."

"Mama, maji ya kunywa huwa unayachemsha?"

"Kila siku. Tangu upepo ulipong'oa mfuniko wa tangi la juu. Miezi miwili sasa tangi liko wazi. Niliandika kwenye daftari la matengenezo, lile linalokaa kwa karani. Niliandika mara nne. Kila mara daftari linarudi na neno moja: Nimeona. Na sahihi. Mfuniko hauji. Kwa hiyo nachemsha maji yote, sufuria tatu kubwa kila siku."

Pale kwenye ngazi, Mwandishi aliinuka. Mama hakuwa na kosa! Alitaka kuingia ndani amkumbatie. Kisha akasikia Miwani akiuliza swali lililofuata.

"Na Jumanne, mama? Siku moja kabla ya watu kuugua?"

Baba, aliyekuwa anapaka cherehani mafuta, aliacha.

"Jumanne gesi iliisha," mama alisema. "Sufuria mbili zilikuwa zimechemka. Ya tatu ilikuwa bado baridi. Mtungi wa akiba hatuna. Kengele ikalia, nikasikia watoto wanakuja na kiu yao. Nikaimimina ile ya tatu kwenye pipa pamoja na zile mbili. Nikasema moyoni, siku moja tu, haina neno."

Kalamu ya Miwani ilisimama.

"Ningeweza kuwaambia wasinywe," mama aliendelea. "Sikuwaambia. Niliogopa kugombezwa."

Mwandishi alisukuma mlango akaingia. "Mama! Usiseme hilo! Miwani, usiandike! Hakuna anayejua. Wiki ijayo kamati inakaa. Watamfukuza!"

Baba naye alisema, "Mke wangu, fikiri kwanza."

Mama alimtazama binti yake. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Mwandishi zaidi.

"Juzi uliniandika bila kuniuliza," mama alisema. "Leo nimeulizwa. Unataka nijibu nusu?"

Mama akamgeukia Miwani. "Andika, mwanangu. Sufuria ya tatu. Andika na gesi, andika na mfuniko, andika na mara nne. Usiache kitu."

Jioni Bi Koma alisomewa majibu yale. Alitikisa kichwa muda mrefu. "Mama yako ni mtu," alisema. Kisha akagonga daftari la Miwani kwa kidole. "Sasa sikilizeni. Hili neno Nimeona lipo kila mahali. Lipo shuleni, lipo hospitalini, lipo kwenye ofisi kubwa za nchi. Mtu analalamika, mkubwa anaandika Nimeona, daftari linafungwa. Kazi ya mwandishi ni kulifungua tena na kuuliza: uliona, ukafanya nini? Mkilifanya hilo kwa heshima na kwa ushahidi, mmewafanyia kazi watu wote."

"Tukiogopa?" Miwani aliuliza.

"Mtaogopa. Mimi niliogopa miaka ishirini na miwili. Mnaogopa huku mnauliza."

Jumatatu Miwani alimwomba fundi bomba wa shule apande juu ya tangi. Fundi alikataa mara ya kwanza. Alisema ngazi ni fupi, halafu akasema goti linamuuma, halafu akasema bila barua hapandi. Mwisho alipanda, ananung'unika. Alichungulia ndani. Manung'uniko yakakatika.

"Yesu na Mtume!" alipiga kelele. "Nileteeni ndoo!"

Ndoo ilishuka polepole kwa kamba. Ndani mlikuwa na maji ya kijani, manyoya, vijiti vya kiota, na njiwa wawili waliooza. Harufu iliwapiga wote usoni. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameugua alikimbilia ukutani akatapika tena. Mwandishi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Maji yale waliyapikia, waliyaoshea sahani, waliyanawia uso. Miezi miwili!

Kisha Miwani alikwenda kwa karani, Mwandishi nyuma yake, akaomba kuona daftari la matengenezo. Mara nne mwandiko wa mama ulikuwepo, wa polepole, herufi zimeachana: "Tangi halina mfuniko. Ndege wanaingia." Mara nne neno Nimeona. Miwani aliinama aitazame sahihi vizuri. Aliitazama tena. Aliijua. Ilikuwa kwenye kila ripoti yao ya mtihani.

"Ni ya mwalimu mkuu," alimnong'oneza Mwandishi.

Mwalimu mkuu ndiye aliyeruhusu ubao utumike. Ndiye mwenyekiti wa kamati ile. Kwa neno lake moja gazeti lingekufa na mama angekwenda nyumbani moja kwa moja. Wasichana wawili walisimama mbele ya mlango wake kama dakika kumi. Kila mmoja alimsukuma mwenzake abishe hodi.

Mwishowe Miwani alibisha.

"Shikamoo, mwalimu. Tunaandika habari ya maji. Tumekuja kukusomea kabla hatujabandika, halafu tukuulize."

"Marahaba. Mniulize mimi?" Mwalimu mkuu alivua kofia ya kalamu, akaivisha tena. "Huyu binti ya mpishi anafanya nini hapa?"

"Haandiki, mwalimu. Amenisindikiza tu. Na kwenye gazeti tumesema yeye ni nani."

"Soma."

Miwani alisoma. Alisoma kuhusu mfuniko, upepo na njiwa. Alisoma yale ya mara nne, bila kutaja bado sahihi ni ya nani. Kisha akasoma maneno ya mama, neno kwa neno: gesi, sufuria ya tatu, kengele, niliogopa kugombezwa.

Mwalimu mkuu aliinua mkono. "Ngoja. Hili la sufuria ya tatu. Nani aliwaambia?"

"Mpishi mwenyewe, mwalimu."

"Mpishi mwenyewe?" Alishtuka waziwazi. "Hakuna aliyejua jambo hilo. Zahanati hawakujua. Mimi sikujua. Angenyamaza, kosa lote lingebaki la tangi, na mimi ningelazimika kumrudisha kazini. Kwa nini aseme?"

Miwani alitafuta jibu kwenye daftari lake, hakulipata. Mwandishi ndiye aliyejibu. Hakuwa amepanga kusema.

"Tulimuuliza, mwalimu."

Nje kulisikika wanafunzi wakicheza mpira. Mwalimu mkuu aliutazama ukuta, palipotundikwa ratiba, kana kwamba jibu liliandikwa huko. Alikaa hivyo mpaka Miwani akaanza kukunja karatasi, akidhani wamefukuzwa.

"Hujamaliza," mwalimu mkuu alisema. "Ulisema mtaniuliza. Niulize."

Miwani aliikunjua karatasi. "Mwalimu, sahihi ya mara nne ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Uliona, ukafanya nini?"

"Sikuona," mwalimu mkuu alisema. "Andika hivyo. Nilisaini mara nne bila kusoma. Daftari lililetwa pamoja na mafaili mengine, nikasaini yote kwa pamoja. Mpishi aliogopa kugombezwa na mimi. Mimi sikuwa na wa kunigombeza." Aliisukuma kalamu yake upande wa pili wa meza. "Kalamu yako imeisha wino. Tumia hii."

Alhamisi gazeti lilitoka. Halikuwa na herufi nyekundu. Lilikuwa na mfuniko, gesi, njiwa, sufuria ya tatu na sahihi nne, kila jambo na aliyelisema. Wanafunzi walisoma kimya. Walipomaliza hawakuondoka. Walirudi juu wakasoma tena.

Wazazi walipiga simu tena, na safari hii waliuliza maswali. Kamati ilikaa. Mwalimu mkuu alisimama akaomba radhi mbele ya wazazi, na kiti cha mwenyekiti siku hiyo alikikalia mwingine. Tangi lilisafishwa, likapata mfuniko wa chuma wenye kufuli. Jikoni ukaletwa mtungi wa gesi wa akiba. Kila Ijumaa sasa kurasa za daftari la matengenezo hubandikwa ubaoni, wote waone kilichoombwa na kilichofanyika. Tangu hapo hajaugua mtu kwa maji ya shule.

Mama alirudi jikoni. Alipewa barua ya onyo, na aliisoma yote mwenyewe hadi mwisho. "Ni haki yangu," alisema, akaikunja.

Jioni hiyo Mwandishi alikaa naye mezani. Alisema alichoshindwa kusema siku zote hizo. "Mama, nisamehe. Nilikuwa nakuona kila siku, na sikukuuliza."

Mama aliendelea kuchambua maharage kidogo.

"Sasa je?" alisema. "Uliza."